Koo Kubwa Si Mizani ya Roki

Ukikaa na wapenzi wa roki wa Nairobi au Kampala, haupiti muda mrefu kabla ya kusomewa orodha. Juu kabisa yuko Chris Cornell wa Soundgarden, ambaye koo lake husifiwa kwa kufika karibu oktava nne. Ubavuni mwake wako Layne Staley wa Alice in Chains na Eddie Vedder wa Pearl Jam. Halafu hufuata hukumu, nayo hutolewa kwa sauti ya mtu asiyetarajia kubishiwa: wote waliokuja baadaye, kina Creed, Nickelback, 3 Doors Down na Seether, ni vivuli. Muziki wao huitwa post-grunge, roki ya baada ya grunji, na kwa wenye orodha hilo neno "baada" lina maana ya masalio. Aliye bora kati yao ni yule aliyewakaribia zaidi wakubwa wa grunji wa Seattle. Waliobaki ni waimbaji wa redio.

Hukumu hii imekaa sana bila kupingwa. Inastahili kupingwa, na mahali pazuri pa kusimama ili kuipinga ni mpakani, Busia na Tororo, ambako sauti za waimbaji zilipimwa kwa kipimo kingine kabisa tangu kabla gitaa la umeme halijabuniwa.

Kipimo hicho ni kuitikiwa.

Mfano ulio karibu zaidi hauhitaji hata ala. Katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na kuwaita wateja wao kwa neno moja lililorudiwa: boda, boda. Hakuna aliyewafundisha pumzi wala oktava. Walihitaji neno litakalopenya vumbi, injini za malori na kelele za soko, likamfikia Msamia, Mteso, Mganda na Mswahili kwa mara moja, na kila mmoja aweze kulitamka. Neno hilo leo ni la Afrika Mashariki nzima, kutoka Mombasa hadi Gulu, na wengi wanaolitumia hawajawahi kuiona Busia. Silabi mbili zilizo wazi, zilizorudiwa, zikatupwa kwa watu wazichukue: hiyo ndiyo sauti iliyofanya kazi yake.

Watu wa eneo hili wamezoea kugawanywa na mstari na kuunganishwa na masikio. Wasamia wako pande zote mbili, Funyula upande wa Kenya na wilaya ya Busia upande wa Uganda. Waiteso nao wako Tororo na wako Teso Kaskazini na Teso Kusini upande wa Kenya. Tororo penyewe, chini ya lile jabali la volkano linaloonekana hata ukiwa bado Kenya, kuna Jopadhola, Waiteso, Wasamia na wageni walioletwa na reli na kiwanda cha saruji. (Redio moja ya mji huo inaitwa Rock Mambo, na roki iliyomo katika jina hilo ni jabali, wala si gitaa.) Mwimbaji anayesimama kwenye harusi au matanga mbele ya watu wa namna hii anajua kwamba sehemu ya wasikilizaji haielewi lugha yake vizuri. Akiwa na koo kubwa tu, atasifiwa kisha ataachwa aimbe peke yake. Akijua kuiweka sauti mahali ambapo mgeni naye anaweza kuidaka, ukumbi mzima utapokea. Na mwimbaji asiyepokelewa, hata kama koo lake ni la ajabu, hakuna atakayemwita tena.

Sasa turudi kwenye orodha. Wenye orodha wanapima nini hasa? Wanapima ukubwa: nani anafika juu zaidi, nani anavuta noti kwa muda mrefu zaidi, nani ana kifua kizito zaidi. Hivi ni vitu vinavyohesabika, na ndiyo maana vinapendwa na watu wanaopanga orodha. Cornell alikuwa mkubwa kwa vipimo hivyo vyote, na hakuna haja ya kumpunguzia chochote. Tangu afariki Mei 2017 koo la namna yake halijasikika. Lakini kumfanya yeye mizani ya wote waliomfuata ni kama kumpima mpiga zumari kwa uzito wa ngoma. Wale waliokuja baadaye walikuwa na kazi nyingine.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili, maana shutuma ya uvivuli haikutoka hewani. Bush, bendi ya London iliyoongozwa na Gavin Rossdale, ilitoa albamu yake ya kwanza mwishoni mwa 1994, miezi michache tu baada ya kifo cha Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, na kwa albamu ya pili ikamfuata Steve Albini, mtu yule yule aliyerekodi albamu ya Nirvana, In Utero, mwaka 1993. Ni vigumu kuiona hatua hiyo kuwa bahati nasibu. Scott Stapp wa Creed naye alichukua kutoka kwa Vedder ile namna ya kuimba kwa sauti nzito ya kifuani huku irabu zikimezwa kooni, a ikielekea o, na e ikizama isijulikane ni e au i. Wengi waliimba hivyo kwa karibu miaka kumi mpaka ikachosha. Kama hoja ya wenye orodha ingeishia hapo, wangekuwa wamesema kweli kuhusu baadhi ya watu.

Lakini hawaishii hapo. Wanasema kuimba kwa namna hiyo ndiko kipeo, na wanaoimba hivyo vizuri zaidi ndio bora. Hapa ndipo sikio la mpakani linapokataa. Kiswahili, Lusamia na Luganda ni lugha ambazo silabi zake huishia kwenye irabu. Irabu ndiyo inayobeba neno, na ukiimeza umemeza neno lenyewe. Bendi za Nairobi zilizojaribu roki nzito kwa Kiswahili, Parking Lot Grass mojawapo, ziliingia moja kwa moja kwenye tatizo hili: ukiimba "nakupenda" kwa koo la Vedder, hakuna anayejua umependa nini. Kuifungua irabu ni sharti la kazi. Mtu aliyekulia katika lugha hizi anaposikia roki ya Kiingereza ambayo nusu ya maneno yake haielewi, bado husikiliza irabu, kwa sababu ndiko alikozoea kumpata mwimbaji.

Kwa sikio hilo, mwimbaji wa kwanza kustahili kupandishwa ni Brad Arnold wa 3 Doors Down, mtu ambaye orodha nyingi humweka chini kabisa au humsahau. Sababu inayotolewa ni kwamba sauti yake ni ya kawaida. Ni kweli haikuwa kubwa. Arnold alitoka Escatawpa, kijiji cha Mississippi, na wimbo wa Kryptonite aliutunga akiwa bado mwanafunzi, darasani, katika kipindi cha hesabu. Redio ya mtaani kwao ikaanza kuupiga kabla bendi haijapata mkataba, watu wakauomba na kuuomba tena. Mwaka 2000 ulifika nafasi ya tatu kwenye chati ya Billboard, na albamu yao ya kwanza ikauza zaidi ya nakala milioni 5 nchini Marekani.

Kuna jambo moja kuhusu Arnold ambalo wenye orodha hulitaja kama kichekesho, na ambalo kwa kweli ni ufunguo wa sauti yake. Alikuwa mpiga dramu. Katika miaka ya mwanzo aliimba huku akipiga, na kwenye albamu hiyo ya kwanza dramu ni zake; baadaye ndipo bendi ikatafuta wapiga dramu wengine ili yeye asimame mbele. Sikiliza beti za Kryptonite kwa kufuata silabi peke yake, maana ukiiweka kando. Kila silabi imekaa juu ya pigo au katikati ya mapigo mawili. Pumzi yake huchukuliwa pale ambapo mkono wa mpiga dramu ungeinuka. Huyu haimbi juu ya ngoma kama mtu aliyepanda gari la mwenzake. Anaimba kutoka ndani ya ngoma.

Huku mpakani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huimba, huchuna nyuzi nane, na papo hapo hugonga mbao kwa pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole cha mguu, miguuni akiwa na njuga. Jopadhola wa Tororo, ambao ni ndugu za Wajaluo kwa lugha na asili, wana zeze lao la nyuzi liitwalo tongoli, na ngoma ndefu iitwayo fumbo. Waiteso wana adeudeu, kinubi chao, na wana akogo, ile ala ya vichuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, ambayo jamii yake ilisambaa kaskazini mwa Uganda kutoka Kongo mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika mila hizi mwimbaji na mpigaji mara nyingi ni mtu mmoja. Sauti haitenganishwi na mkono ili isifiwe peke yake. Ukimwambia mzee wa Tororo kwamba fulani ni mwimbaji bora kwa sababu anaweza kuvuta noti moja kwa sekunde kumi na tano, atakuuliza wachezaji walikuwa wakifanya nini wakati huo wote.

Arnold, kwa kipimo hiki, yuko juu ya Stapp kwa mbali. Albamu ya Creed ya 1999, Human Clay, iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani, na Stapp ana kifua ambacho Arnold hakuwahi kuwa nacho. Lakini Stapp huvuta. Hukaa juu ya irabu aliyokwisha kuimeza, akaisukuma, na bendi ikamngoja. Mara ya kwanza inatetemesha. Mara ya kumi msikilizaji amekwisha kujua kwamba hakuna nafasi yake ndani ya wimbo huo.

Wa pili ni Amy Lee wa Evanescence, na hapa historia yenyewe ilitoa ushahidi. Orodha za waimbaji wa roki hii ni orodha za wanaume. Mwanamke akitajwa, hutajwa mwishoni kama nyongeza ya heshima. Wakati Evanescence wakiandaa albamu ya Fallen, iliyotoka 2003, kampuni ya Wind-up, ile ile iliyokuwa na Creed, ilishikilia kwamba Bring Me to Life lazima uwe na sauti ya mwanamume. Hofu yao ilikuwa kwamba redio za roki hazitampiga mwanamke anayeimba na piano. Lee hakupenda, lakini akakubali, na Paul McCoy wa 12 Stones akaletwa.

Kilichotokea baadaye wafanyabiashara wale walikisoma vibaya, na wapanga orodha wakakisoma vibaya vile vile. Waliamini koo la McCoy ndilo lililoupa wimbo nguvu. Sikiliza anachofanya: Lee anatoa, McCoy anajibu kwa neno fupi, Lee anarudi. Yule mwanamume waliyemleta awe nguzo amekuwa mwitikiaji. Wimbo una muundo ambao mtu yeyote wa Funyula au Tororo angeutambua bila kujua Kiingereza, sauti moja ikiongoza na nyingine ikipokea, na anayeongoza ni mwanamke. Fallen iliuza mamilioni duniani kote, na mapema 2004 bendi ikatunukiwa Grammy ya wasanii wapya bora. Mwaka 2017 Lee aliurekodi upya wimbo huo pamoja na okestra, kwenye albamu ya Synthesis, McCoy hayumo. Ulisimama wima.

Na akiwa bado kwenye suala hilo la wanawake, msomaji amkumbuke Skin wa Skunk Anansie, Mwingereza mweusi mwenye asili ya Jamaika, aliyetoa albamu ya kwanza na bendi yake mwaka 1995 na kufunga tamasha la Glastonbury mwaka 1999. Bendi yenyewe imebeba jina la Anansi, buibui wa ngano za Afrika Magharibi zilizovushwa bahari. Anaweza kutoka kwenye mnong'ono hadi ukelele ndani ya mstari mmoja na asipoteze hata irabu moja. Orodha nyingi zinazojiita za waimbaji bora wa miaka ya tisini hazina jina lake, na huo ni upungufu wa orodha.

Kuna kundi jingine la wapinzani ambalo huku mpakani ni kubwa kuliko wapanga orodha, nalo linasema sauti hizi zote ni kelele. Koo la kukwaruza, wanasema, ni ugeni, pengine ni ushetani. Sauti nzuri ya Kiafrika ni laini kama ya kwaya. Mwaka 2018, waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku tamasha la muziki la Nyege Nyege huko Jinja, saa chache kwa basi kutoka Busia, na ukazuka mvutano kabla halijaruhusiwa. Hofu ya namna hii ina mizizi mirefu makanisani na mashuleni.

Ni hofu isiyojua ala za nyumbani kwake. Zeze la Buganda na la Busoga, jirani ya Tororo, hutengenezwa ili nyuzi zitetemeke juu ya ngozi ya kenge na kutoa mvumo wa kukwaruza. Fundi akilitengeneza likatoa sauti safi tupu, limeharibika. Ala za vidole gumba za Busoga huvishwa vikuku vidogo vya chuma kwa kusudi lilo hilo. Watu hawa walitafuta mkwaruzo, wakaupenda, wakautengenezea mbinu, miaka mingi kabla ya mtoto wa Seattle kuongeza umeme kwenye gitaa lake mpaka likachafuka. Anayedai kwamba sikio la Mwafrika linataka ulaini tu anazungumzia sikio lililofundishwa kwaya za misheni, na kwaya zina uzuri wake, lakini hazikuwa mwanzo wa masikio.

Suala basi si kama mwimbaji anakwaruza. Suala ni kama anajua kuuondoa mkwaruzo. Kwenye zeze, ule mvumo huja pamoja na wimbo uliotulia wa mwimbaji, kimoja kikikionyesha kingine. Mwimbaji wa namna hiyo ni Shaun Morgan wa Seether, na hapa inafaa kusema jambo ambalo wapanga orodha wa Afrika Mashariki hulisahau mara nyingi: huyu ni Mwafrika wa Kusini. Bendi ilianza Pretoria mwaka 1999 ikiitwa Saron Gas, ikatoa albamu ya kwanza nyumbani mwaka 2000, kisha ikaenda Marekani na kubadilishwa jina, kwa sababu lile la kwanza lilisikika kama gesi ya sumu. Albamu ya Disclaimer ilitoka 2002. Morgan hushutumiwa kuwa mwigaji wa Cobain, na mwenyewe hajawahi kuficha kwamba Nirvana walimfungua macho. Lakini msikilize katika Broken, ule wa 2004 alioimba na Amy Lee. Mtu yule yule ambaye kwenye nyimbo nyingine hupasua koo, hapa ameliweka kando kabisa, anaimba karibu kama anaongea, akampisha mwenzake aingie. Cobain hakupata muda wa kutufundisha hilo katika wimbo wa watu wawili. Morgan alijifunza kwingine.

Chad Kroeger wa Nickelback hana uwezo huo. Mkwaruzo wake hauvuliwi, uko pale asubuhi na jioni, kwenye wimbo wa mapenzi na kwenye wimbo wa ulevi. Kwa hiyo makala haya hayamweki juu. Lakini kejeli anayotupiwa duniani kote imevuka mipaka ya haki. Albamu yao ya Silver Side Up ilitoka siku ile ya 11 Septemba 2001, na kabla ya mwaka kuisha How You Remind Me ulikuwa kileleni mwa chati za Marekani. Mtu aliyetoka Hanna, mji mdogo wa Alberta nchini Kanada, aliandika kiitikio ambacho mtu asiyejua Kiingereza anaweza kukishika kwa kukisikia mara mbili. Wanaodhani kazi hiyo ni rahisi wajaribu kuifanya.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha ugomvi. Lawama kubwa kuliko zote dhidi ya roki hii ni kwamba viitikio vyake vimetengenezwa kwa ajili ya redio: vyepesi, vinajirudia, vinaimbika. Lawama hii inachukulia kwamba wimbo unaoimbika na wengi ni wimbo uliojishusha. Magharibi mwa Kenya kuna jibu la muda mrefu. George Mukabi, gwiji wa mtindo wa gitaa wa omutibo, aliyefariki 1963, aliimba kwa sauti iliyokaribia mazungumzo, gitaa likichunwa kwa vidole na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, na watu wa Kisa hadi mipakani wakaimba naye. Daudi Kabaka naye akatoa Helule Helule katikati ya miaka ya sitini. Mwaka 1968 Tremeloes, bendi ya Uingereza, waliuchukua na kuuingiza kwenye chati za kwao. Waingereza wale hawakujua lugha ya wimbo huo. Kilichowafikia ni kiitikio, neno lililo wazi lililorudiwa mahali panapofaa, kama vile boda, boda. Hakuna aliyesema Kabaka alijishusha. Basi kwa nini Arnold aambiwe hivyo?

Upande wa pili huweza kuleta ushahidi wa karibu zaidi, nao unastahili kujibiwa kwa uzito. Watasema: mbona roki ya Afrika Mashariki iliyosikika mbali zaidi duniani haina kiitikio hata kimoja? Duma, wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ni koo tupu: ukelele, mkoromo, mguno, na albamu yake ya peke yake ya 2024, The Adept, imemzungusha ulimwengu. Barabara kati ya miji hiyo miwili inapita Busia au Malaba, kwa hiyo koo hilo nalo ni la njia hii.

Ni kweli, na Khanja ni msanii mkubwa. Lakini yeye hayumo kwenye post-grunge na hajawahi kudai kuwamo, na anachofanya kinaunga mkono hoja ya mpakani kuliko ya orodha. Sauti yake haionyeshwi kwa ajili ya ukubwa wake. Imegeuzwa pigo na kuchomekwa kati ya midundo ya mashine za Karugu, kama njuga za mpiga nyatiti. Ukimpima kwa oktava utapata jibu lisilo na maana.

Hata wakubwa wenyewe wa Seattle walijua jambo ambalo wapenzi wao hawataki kulijua. Kwa ajili ya filamu ya Dead Man Walking, ya 1995, Eddie Vedder aliimba na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Qawwali aliyoimba Nusrat imejengwa juu ya kuongoza na kuitikia, kundi likipokea, likirudisha, likipandisha. Nusrat alirekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel ambayo mwaka 1993 ilitoa En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, yule mpiga nyatiti aliyezaliwa Mombasa na kuimba kwa sauti ya chini sana, karibu ya kubembeleza. Vedder, mwenye kifua ambacho maelfu walikiiga, alikwenda kukaa chini ya mwimbaji wa kuitikiwa. Waigaji wakachukua kifua chake na kuacha safari yake.

Linabaki jina moja, na wenye orodha hulihifadhi hadi mwisho kwa sababu wanaamini halijibiki: Layne Staley, aliyefariki Aprili 2002. Nani baada yake, wanauliza, ana uchungu ule? Pengine hakuna. Lakini weka Dirt, albamu ya Alice in Chains ya 1992, masikioni na usikilize kwa makini kinachokushika. Mara nyingi si Staley peke yake. Ni Staley na Jerry Cantrell, sauti mbili zilizobanana karibu sana, moja ikiegemea nyingine kwa mwachano mdogo unaouma, kama zile sauti mbili za wapiga gitaa wa omutibo zilizoimba bega kwa bega. Koo lililosifiwa kuwa la pekee lilikuwa nusu ya jambo. Ndiyo maana bendi ile, baada ya miaka ya ukimya, iliweza kurudi na Black Gives Way to Blue mwaka 2009, William DuVall akiwa amekalia kiti ambacho kila orodha ilisema hakikaliki, Cantrell akiimba ubavuni mwake, na watu wakaitikia.